Bahasha Sitini na Sisimizi wa Chumba cha Vidonda

Siku ya kuniaga, binti aliyeshika nafasi yangu aliniuliza mbele ya watu kwa nini kila nikipewa bahasha huinusa kwanza penye gundi, ndipo niifungue. Wenzake wakacheka, kumbe walikuwa wakiniona miaka yote na kuninyamazia. Nilimwambia jibu lake haliingii katika hotuba ya kuaga, nitaliandika. Ninyi wa sasa mnabonyeza kitufe, kompyuta inawaambia mgonjwa huyu apewe tiba ipi, na kazi imekwisha. Sisi tulianza na bahasha, gundi na ubishi.

Nilizaliwa Shella, Malindi, katika nyumba ambayo Ramadhani ikiingia hakuna kitu kilichoshikika bila kunata. Mama alikuwa akipika kaimati za kuuza, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha shira, ile sukari nzito ya kuzichovyea. Baadaye nilijifunza kupiga chapa na kutunza madaftari, na mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata kazi ya ukarani katika hospitali moja ndogo upande wa Kilifi. Daktari aliyenipokea, Daktari Mutiso, alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili kifupi kama cha gwaride. Siku ya kwanza alinipa rula, daftari kubwa lenye jalada jekundu, na maelezo ya kazi yaliyokwisha kabla sijakaa. "Mwanaisha," aliniambia, "kazi yako ni kuhakikisha hakuna mtu anayechagua. Hata mimi. Hasa mimi."

Jambo lenyewe lilikuwa donda ndugu, kile kidonda cha muundi kinachoanza kama mkwaruzo wa jembe au mwiba wa mkonge na kukaa na mtu miaka. Tulikuwa na dawa ya maji iliyotoka Nairobi, ikifika. Daktari alikuwa amesikia kwamba sukari nayo, ikisagwa na kukorogwa na maji yaliyochemshwa hadi iwe nzito, huweza kukausha kidonda. Sukari ilipatikana hata kwenye duka lisilo na mlango. Kama ingefaa, zahanati za ndani ndani, ambako dawa ilionekana kwa nadra kama jamaa wa Ulaya, zingepata cha kuwapa watu. Lakini ilibidi tujue kweli, na kujua kweli kulihitaji wagonjwa wagawanywe pasipo mtu kupendelea. Vinginevyo vijana wenye vidonda vyepesi wangekwenda upande mmoja na wazee wenye vizito upande wa pili, na tungeisifu tiba kwa kazi iliyofanywa na ujana.

Mwalimu wangu wa kweli pale hakuwa Daktari. Alikuwa Sista Dama, muuguzi Mgiriama aliyekuwa akiendesha chumba cha vidonda tangu mimi niko chuoni. Alinifundisha kufunga bendeji isiyoteleza, kupima kidonda kwa uzi bila kukigusa, na kumtambua mgonjwa anayesema haumwi huku vidole vya mguu vimejikunja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo yalitosha.

Tulianza na njia rahisi, ya zamu. Wa kwanza benchini dawa, wa pili sukari, wa tatu dawa. Siku ya pili benchi zima lilikuwa limeng'amua hesabu hiyo. Watu wakawa wanahama kama wachezaji wa bao. Mama mmoja alitoka kunawa mikono mara saba asubuhi moja, na kila akirudi alikaa pale penye dawa. Wengine walitaka sukari, wakavutana na jirani zao kwa viwiko huku wakisalimiana vizuri.

Daktari akaleta sarafu ya shilingi. Kichwa cha Rais, sukari, upande wa pili, dawa. Sarafu ilirushwa mara ya kwanza, ikamponyoka, ikagonga sakafu ya saruji na kulala kifudifudi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa tarishi wa chifu aliinama akaitazama, akauliza kwa upole kama hospitali ina kibali cha kumlaza mkubwa wa nchi namna ile. Daktari Mutiso aliiokota shilingi yake, akaipangusa kwa mkono wa koti, akairudisha mfukoni, na njia ya sarafu ikaishia hapo.

Ndipo kilipokuja kitabu. Kilikuwa kitabu kizima cha nambari, ukurasa baada ya ukurasa, zisizo na mpango wowote. Nilikaa nacho jioni mbili nikiutafuta mpango huo, maana sikuamini kwamba mtu angechapa kitabu kisicho na habari. Daktari alinieleza: nifumbe macho, niweke kalamu popote, nianzie hapo. Nambari shufwa iwe sukari, witiri iwe dawa. Sista Dama alisimama mlangoni akitutazama, kisha akasema hiyo ni ramli.

"Ramli husema jambo, Sista," Daktari alimjibu. "Kitabu hiki hakisemi chochote. Ndiyo sababu nimekileta."

Orodha ikatoka, ya wagonjwa sitini. Kila mmoja angekuwa na bahasha yake yenye nambari, imefungwa, na ndani kijikaratasi cha neno moja. Bahasha zingekaa kwa mpango katika sanduku la mbao kwenye rafu ya chumba cha vidonda, na hakuna ambaye angeifungua moja kabla ya mgonjwa mwenyewe kukaa kitini na jina lake kuandikwa. Daktari alijaribu bahasha ya kwanza juani dirishani na kusoma neno "sukari" bila hata kuvaa miwani. Akaniambia nitie ndani karatasi ya fedha, ile ya pakiti za sigara.

Mimi sivuti sigara, wala kwetu hakuna avutaye. Nilizunguka hoteli za watalii za Malindi Jumamosi mbili, nikiwaomba wahudumu pakiti tupu. Kabla sijamaliza, kina mama watatu wa Shella walikwenda kwa mama yangu kumpa pole na kumuuliza nilianza lini. Mama, ambaye hakupenda maelezo marefu, akawajibu kwamba nimeagizwa na daktari. Jibu hilo liliniletea dua nyingi.

Sasa sikilizeni kosa, maana ni kosa la mtu mwenye mpango, na ninyi wengi mna mpango. Bahasha za dukani zilikuwa zimejifunga zenyewe kwa unyevu wa pwani. Nilizifungua kwa mvuke wa birika, na gundi yake ikaenda na mvuke. Nikapika gundi ya unga wa ngano. Kwa kuwa sipendi kuchanganya mambo, nilizifunga kwanza bahasha zote za dawa, moja baada ya nyingine, nikaziweka kando. Nilipofika kwenye za sukari, gundi ikaisha. Ilikuwa sikukuu, maduka yamefungwa. Mezani palikuwa na sufuria tuliyokuwa tukijaribia kukoroga ile sukari, na chini yake imebaki shira safi, nzito, ya kuvutika. Mtoto wa mpika kaimati hahitaji kufundishwa kwamba shira hushika karatasi kuliko gundi yoyote. Nikazifunga zote. Kisha nikazipanga kufuata nambari, moja hadi sitini, nikasimama kuzitazama. Hata mimi mwenyewe nisingeweza kuzitofautisha. Nilijisikia fahari, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki za kwanza tulipambana na mambo ambayo hayamo kitabuni. Sukari ya wagonjwa ilikuwa ikipungua kuliko vidonda. Nchini sukari ilikuwa imeadimika ghafla miezi hiyo, na chai ya wafanyakazi ilikuwa tamu kupita kiasi. Daktari hakumuuliza mtu. Alitia ndani ya gunia ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akachanganya, akangoja saa nne ya chai. Siku hiyo niliona ndimi za zambarau za watu niliowaheshimu. Mkubwa wa wauguzi aliwasalimu watu kwa kichwa tu hadi Jumatatu.

Na tangu siku ya kwanza, sisimizi. Penye sukari hawakosi. Walipanda vitanda vya wodini kufuata bendeji, na wagonjwa wakalalamika usingizi umewapotea. Tukaweka kila mguu wa kitanda ndani ya kopo la maziwa lenye maji na mafuta ya taa. Walikuwa kwenye dirisha, kwenye rafu, kwenye koti la Daktari. Nilipowaona wakitembea juu ya sanduku la bahasha sikuona ajabu, kwa sababu hapakuwa mahali ambapo hawakuwapo.

Kazi ikaenda vizuri mno. Kila Ijumaa nilijumlisha, na kila Ijumaa sukari ilikuwa mbele. Vidonda vyake vilifunga upesi, vikavu, vyekundu vya afya. Daktari, mtu asiyecheka ovyo, alianza kupiga mluzi. Bahasha zilipobaki kumi na tano aliandika barua ya kwenda Nairobi, nikaipiga chapa mwenyewe, akipendekeza sukari itumwe katika zahanati zote za ndani mahali pa dawa, kwa wagonjwa wa rika zote. Ilikuwa iende Ijumaa. Niliiweka kwenye sinia la barua siku ya Jumatano.

Jumatano hiyohiyo alikuja Mzee Karisa. Alikuwa mkulima wa Junju, mwenye kidonda kilichokaa muundini miaka sita. Bahasha yake ilikuwa imempa dawa, na kidonda hakikukua wala hakikufunga. Alikuwa amekwenda hospitali kubwa Mombasa, wakamwambia mguu ukatwe chini ya goti. Yeye akawaambia wangoje avune mahindi kwanza, akarudi nyumbani. Alipita mbele ya benchi, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye daftari?"

"Ndiye mimi."

"Basi niangalizie. Wazee wenzangu waliotiwa sukari, miguu yao imefunga? Nataka kujua kabla sijautoa wangu."

Sikutakiwa kumwambia mgonjwa mambo ya daftari. Lakini niliona kuangalia hakuna ubaya, nikafungua. Nilipitisha rula kwenye safu ya umri wa waliotiwa sukari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikarudi mwanzo. Vijana wa mashamba ya mkonge, wasichana, mwalimu mmoja, wapiga kokoto. Nikamwambia hakuna.

"Hawakupona?"

"Hakuna aliyetiwa, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alikaza bakora yake sakafuni.

"Basi hiyo bahati nasibu yenu," alisema, "ina heshima sana kwa wazee."

Alikwenda kukaa benchini. Mimi nilibaki na rula mkononi. Nambari za kitabu kile zilikuwa hazimjui mzee wala kijana. Kama zilikuwa zimeanza kuwajua, basi kulikuwa na mtu aliyezifundisha.

Alhamisi nilihamisha kiti changu nikakaa mahali ninapouona mlango wa chumba cha vidonda, nikajifanya narekebisha utepe wa mashine. Wazee kutangulizwa ni jambo la kawaida kwetu, na hakuna aliyewahi kulalamika benchini. Lakini sasa niliona kwamba hawatangulizwi kila mara. Sista Dama alikuwa akitoka, lakini kabla ya kuita jina alitupa jicho kwenye sanduku. Mara moja akasema, "Babu, njoo wewe." Mara ya pili akamwambia bibi aliyekuwa wa kwanza kabisa, "Bibi, pumzika kidogo, jua kali," akamwita kijana wa nyuma. Alipokwenda kunywa chai niliingia. Bahasha iliyokuwa mbele sandukuni ilikuwa na sisimizi, mstari mwembamba uliopanda hadi penye kifuniko chake na kuzunguka. Ya nyuma yake haikuwa na hata mmoja. Ya tatu haikuwa nao. Ya nne walikuwa wamejaa.

Niliinua ile ya kwanza nikainusa. Ilikuwa harufu ya Ramadhani ya nyumbani kwetu.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni hivyo kwa sababu mtafikishwa mahali pa namna hiyo nanyi. Hakuna aliyejua nilichofungia. Barua ilikuwa nzuri, Daktari alikuwa akipiga mluzi, na mimi nilikuwa mgeni kazini. Lakini maneno "wa rika zote" nilikuwa nimeyapiga kwa vidole vyangu, na jana yake benchini alikuwa amekaa mtu mwenye mguu unaongoja kukatwa na nusu ya matumaini.

Nilikwenda kwa Daktari nikamwambia aje barazani na bahasha zilizobaki. Tukazichanganya, tukazitandaza sakafuni kando ya ukuta, tukakaa kwenye viti tukanywa chai. Tulipomaliza vikombe, sisimizi walikuwa wamekwishazigawa mafungu mawili. Daktari alileta orodha kutoka kabatini, akalinganisha nambari moja moja. Hawakukosea hata moja. Akachukua bahasha yenye sisimizi, akawapuliza, akagusa gundi kwa ncha ya ulimi.

"Nani amezifunga hizi?"

"Mimi, Daktari."

"Kwa gundi gani?"

"Shira. Gundi iliisha nilipofika kwenye za sukari."

Alifumba macho kama mtu anayechagua ukurasa wa nambari. Kisha akaniambia nimwite Sista Dama.

Sista alikuja, akatazama barazani, akaelewa mara moja. Hakuomba radhi. Alisema hakufungua bahasha hata moja, hakuishika juani, hakuuliza orodha, na hayo yote ni kweli. Daktari akamuuliza kwa nini basi.

"Mlisema tusizitazame kwa jua," alisema. "Hamkusema tusizitazame kwa sisimizi."

"Sista."

"Daktari, mtu mzima, baba wa watu, alale na sisimizi mguuni watoto wakimcheka? Kijana atawapangusa. Mzee atavumilia mpaka asubuhi na hatasema. Mimi niliona mlango wa kuwaepusha, nikaupita."

Sista hakuwa mbaya. Na wema ule ulikuwa umetuharibia miezi yote. Vidonda vya vijana vilifunga upesi kwa sababu vilikuwa vya vijana, nasi tulikuwa tayari kuiambia Nairobi ni sukari. Daktari aliitoa barua kwenye sinia, akaikunja mara nne. Akanitaka niandike katika daftari kwamba mgawo umeharibika, sababu sisimizi. Niliandika: sababu, gundi ya karani, sisimizi walikuja baadaye. Aliisoma, hakuifuta. Kazi sikufukuzwa, na sijui hadi leo kwa nini.

Mzee Karisa aliporudi kuoshwa kidonda, Daktari alitaka kumfuta machozi kwa kumtia sukari palepale, nje ya jaribio. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Itanifaa?"

"Sijui," Daktari alisema.

"Basi hujui kama nisivyojua. Endelea na maji yako. Ukijua, utaniita." Akatuambia amesogeza siku ya kukatwa, atavuna na mahindi ya msimu unaofuata pia.

Tulianza upya. Safari hii nilizichanganya bahasha kwanza ndipo nikazifunga, zote kwa gundi moja ya unga, siku moja, mlango umefungwa. Sista Dama alikuwa amesimama juu yangu akilamba moja katika kila tano, kwa amri. Ziliwekwa ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko, na kopo likawekwa ndani ya sinia la maji na mafuta ya taa. Ufunguo wa chumba alipewa yeye Sista. Watu walishangaa, lakini Daktari alisema anayejua pengo la ua ndiye wa kulilinda. Kweli, hata nzi hakulikaribia kopo lile. Mzee wa kwanza kupata sukari, niliuona mkono wa Sista umesita na kijikaratasi angani. Kisha akamfunga bendeji, akamtilia mafuta makopo ya kitanda kwa mikono yake, na siku yake ya mapumziko alikuja kuyakagua.

Mzee Karisa alikuja kila mwezi kuoshwa kidonda, na kila mwezi alisimama mezani kwangu. "Daftari linasemaje?" Nami nilimjibu kwamba daftari limefungwa. Alikuwa akiguna na kwenda zake. Mahindi yakavunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Mombasa walimwandikia, akaniletea barua nimsomee, akaniachia.

Orodha ilipofunguliwa mwishoni, tulikaa watatu tukajumlisha mara tatu. Haikuwa na mbwembwe kama ile ya kwanza. Sukari haikuishinda dawa, ila haikushindwa nayo, kwa vijana wala kwa wazee. Daktari hakupiga mluzi. Aliniambia nichukue kopo la sukari ya zambarau na bendeji, niende Junju.

Nilimkuta Mzee Karisa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anapukuchua mahindi, mguu umefunikwa na kitambaa safi. Nilimwamkia, akaitika bila kuacha kazi. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, polepole, hadi mwisho.

"Na wazee safari hii wamo?"

"Wamo, mzee. Wengi."

Alitia punje za mwisho kwenye ungo, akakung'uta mikono.

"Na bahasha umezifunga kwa gundi gani?"

"Unga, mzee. Unga mtupu."

Akanyoosha mguu.